Mke wa Filimbi Aingia Majini

Karakana ile ilishona sare za shule, na chumba chake cha kukatia kilikuwa na meza moja ndefu ambayo watu sita wangelala juu yake bila kugusana. Nyuma ya meza hiyo alisimama mwanamke wa makamo ambaye jina lake la kuzaliwa lilimhusu mhasibu tu, tena siku ya mshahara. Wengine wote walimwita Makasi. Alitandaza kitambaa tabaka juu ya tabaka, akalaza patroni za karatasi ngumu, akachora kwa chaki, kisha akakata bila kusita. Wenzake walisema kola ya kwanza na ya mwisho kutoka mkononi mwake ni mapacha. Ulimi wake nao ulikuwa na makali, ila yalikuwa makali ya kunyoosha mambo, si ya kujeruhi.

Akishatoka nje ya geti la karakana, jina lilibadilika. Mtaani alikuwa mke wa Filimbi.

Filimbi alikuwa mwalimu wa kuogelea katika bwawa la manispaa. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mabega mapana kama hanga la kutundikia koti, na filimbi ya chuma ilining'inia shingoni mwake tangu asubuhi hadi jioni. Aliizoea mno hivi kwamba hata msibani mkono wake ulipapasa kifuani kuitafuta. Watoto wa mtaa mzima walipita mikononi mwake, na baadaye wakaja watoto wa watoto hao. Aliwashika kiunoni ndani ya maji, akawasemesha taratibu habari za shule na za paka wao, na mtoto alipokuja kugundua kwamba anaelea peke yake, Filimbi alikuwa ameshamwachia kitambo.

Jumamosi, karakana ikifungwa mapema, Makasi alikwenda bwawani na chupa ya chai. Alikaa kwenye benchi la saruji, akapinda mapindo ya sketi za shule, akanywa chai yake pole pole na kumsubiri mumewe amalize. Hakuwahi kutia hata kidole cha mguu majini. Kila mwaka Filimbi alimwuliza, "Na wewe, lini?" Naye alijibu, "Mwakani." Neno hilo likawa mali ya nyumba. Bawaba ya mlango wa choo iliyolegea ingetengenezwa mwakani. Binti yao akitumwa kusugua sufuria alisema atazisugua mwakani, kisha akakimbia.

Watu walidhani Makasi anaogopa maji. Haikuwa hivyo hasa. Kule bwawani mumewe alikuwa wa kila mtu. Kila mtoto mwenye kamasi alikuwa na hisa yake. Nyumbani alikuwa wa mkewe peke yake, na Makasi hakutaka kuchanganya mambo. "Nimeolewa naye," aliwahi kumwambia wifi yake. "Sitaki na mimi anipigie filimbi."

Miaka ikayoyoma. Bwawa likapata nyufa, manispaa ikalifunga ili litengenezwe, na matengenezo yakawa ya mwendo wa kobe. Filimbi akastaafishwa. Kila jioni alipita kwenye uzio kutazama lile shimo kavu lenye vigae vya buluu, majani makavu yakizungukazunguka chini kwa upepo, kisha akarudi nyumbani na kuvua viatu mlangoni.

"Vipi?" Makasi aliuliza.

"Bado."

Hayo ndiyo yalikuwa maamkizi yao ya jioni kwa muda mrefu. Halafu siku moja, baada ya chakula cha mchana, Filimbi alisema anakwenda kunyoosha mgongo kidogo, na hakuamka. Daktari alisema ni moyo. Walimzika, watu wakawa wengi hadi barabarani, na kule bwawani hakukuwa bado na tone la maji.

Mwaka wa pili wa ujane wake ulikuwa ukielekea ukingoni, siku mtu mmoja alipoingia katika chumba cha kukatia na kusimama mbele ya ile meza ndefu. Makasi alimjua tangu ana meno ya utoto. Alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa mumewe, mtoto aliyelia kabla hata ya kulowa, na akiwekwa majini alikwenda chini moja kwa moja, mpaka Filimbi akambandika jina la Jiwe. Sasa alikuwa na mvi mbili tatu na watu walimwita Kocha, kwa kuwa ndiye aliyekabidhiwa bwawa lililofufuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Jiwe. Hujazama bado?"

"Bado, mama. Nimekuja kwa mambo mawili." La kwanza lilikuwa fulana za wasaidizi wake, nalo liliisha upesi. La pili alilianza kwa kukuna shingo. "Mvua zikiisha tunafungua bwawa kwa mashindano. Yanaitwa triathloni. Mtu anaogelea, akitoka majini anapanda baiskeli, akishuka kwenye baiskeli anakimbia. Tumechukua ile fupi, ya wanaoanza, ili watu wa kawaida nao waweze."

"Vyote siku moja?"

"Vyote kwa mkupuo mmoja."

"Hao watu wamekosa nini nyumbani kwao?"

Kocha akacheka. Kisha akaeleza kilichomleta hasa. Kamati imeona Makasi awe mgeni wa heshima. Atawekewa turubai na kiti chenye mto, na yeye ndiye atakayepuliza filimbi ya marehemu kuwaanzisha washindani.

Makasi alikuwa ameshika makasi yakiwa wazi juu ya kitambaa. Aliyaona yote kichwani: turubai, kiti, chupa ya maji juu ya meza yenye kitambaa cheupe, watu wakija kumpa mkono na kuinamisha vichwa. Halafu akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Kukaa nimeshakaa sana, mwanangu. Niandikishe niogelee."

Cherehani za chumba cha pili zikanyamaza, moja baada ya nyingine.

"Mama," Kocha akasema kwa upole, "kuogelea unajua?"

"Sijui. Ndiyo maana nakwambia mapema. Si umesema ni baada ya mvua?"

"Ni baada ya mvua."

"Basi," Makasi akasema, akafunga makasi na kola ikadondoka.

Habari haina miguu lakini hufika kabla ya mwenyewe. Jioni hiyo, Makasi alipofika nyumbani, alimkuta wifi yake ameshakaa barazani, mkoba mapajani. Wifi huyo alikuwa dada mkubwa wa Filimbi, karani wa posta mstaafu, mwanamke aliyezoea kugonga mihuri na ambaye hata maneno yake aliyagonga.

"Wifi, nasikia unakwenda kuvua nguo mbele ya mji mzima."

"Sivui. Nabadilisha."

"Kaburi la kaka yangu hata nyasi hazijashika."

"Zimeshika. Nazipalilia mimi."

"Watu watasema."

"Watu walisema tangu naolewa na mwanamume anayeshinda na kaptura ya kuogelea mchana kutwa. Na wa kwanza kusema ulikuwa wewe."

Wifi akainuka, akaaga kwa kifupi, na kuanzia siku hiyo akanuna. Alipokutana na Makasi njiani alimsalimu kama anavyosalimiwa mtu aliyeleta barua isiyo na stempu.

Jambo la kwanza lilikuwa vazi. Makasi hakuwa mtu wa kununua nguo iliyokatwa na mwingine, kwa hiyo alijikatia mwenyewe: mikono mirefu, suruali hadi kifundoni, kola ndogo ya kusimama. Kosa lake lilikuwa kitambaa. Alitumia jezi ya pamba, nzuri, laini. Asubuhi ya kwanza aliposhuka ngazi za bwawa, vazi lile lilikunywa maji kama sifongo, na alipopanda kutoka, mikono ilikuwa imerefuka hadi magotini na suruali ilikuwa inamfuata nyuma kama mgeni asiyetaka kuachwa. Kocha aliangalia mawingu. Makasi alicheka mpaka akakaa chini. Wiki ile ile alipata mabaki ya kitambaa cha kuvutika, rangi ya damu ya mzee, sawasawa na sare ya shule ya wasichana, akalikata upya na kulipitisha kwenye cherehani ya ovaloki. Hilo lilimkaa kama ngozi. Binti yake, aliyekuwa akifanya kazi mji mwingine, alimtumia miwani ya kuogelea, na kwenye simu hakusema lolote la kumkataza, ila aliuliza, "Mama, ile mwakani imefika?"

Lakini kabla ya vazi na kabla ya maji kulikuwa na harufu, na hiyo Makasi hakuwa ameitarajia. Asubuhi ile ya kwanza alipopita geti, harufu ya dawa ya maji ilimpokea, akalazimika kusimama na kushika nguzo. Ilikuwa harufu ya shingo ya mumewe. Ilikuwa harufu ya taulo alizofua kwa miaka yote, ya mto wa kitandani, ya nywele za binti yao akiwa mdogo. Tangu msiba alikuwa ameitafuta kabatini, shati baada ya shati, mpaka ikaisha. Kumbe ilikuwa huku, imemwagwa bwawa zima.

Mwili wake ulikuwa na utii wa mtu aliyezoea kusimama kutwa. Kichwa ndicho kilichokataa. Kila uso ulipogusa maji, shingo iliruka nyuma yenyewe, kama mkono unaogusa pasi ya moto. Asubuhi kadhaa zilipita hivyo. Kocha hakumharakisha. Alisimama naye pale penye maji ya kiunoni, akamwuliza habari za karakana, na Makasi alijua kabisa njia hiyo imetoka wapi, akaiacha ifanye kazi yake.

"Sasa puliza chai, mama," Kocha akasema siku moja.

"Nifanye nini?"

"Weka mdomo majini, puliza kama unapoza chai. Taratibu. Usiimalize pumzi yote."

Makasi akajaribu. Mapovu yakapanda yakimtekenya mashavu. Akainua uso, maji yakimchuruzika kidevuni.

"Maneno hayo umeyatoa wapi?"

"Si ya Mwalimu? Wote tulifundishwa hivyo."

"Mwalimu wako hakuwahi kupuliza chai maishani mwake. Aliinywa ikiwa bado inachemka, mdomo wake ulikuwa wa bati."

"Hakuwa akijisema yeye, mama." Kocha akageuka akaelekeza kidole kwenye benchi la saruji, lililokuwa bado palepale, limepakwa rangi mpya. "Alikuwa anatugeuza sote tutazame kule. Anasema, mtazameni mke wangu anavyopoza chai. Hana haraka, hamwagi hata tone. Fanyeni vile. Sisi tulijifunza kupumua kwa kukutazama wewe."

Makasi aliinama, akaurudisha uso majini, na asubuhi hiyo alipuliza chai nyingi kuliko ilivyohitajika.

Kukimbia kulikuwa na matatizo ya aina yake. Wahenga walisema ukimwona mtu mzima analia, ujue kuna jambo. Hawakusema ukimwona anakimbia ufanye nini, na mtaa wake haukujua. Mara ya kwanza alipotoka na raba zake, fundi magodoro wa jirani aliona Makasi anapita mbio, akatupa sindano yake kubwa na kumfuata.

"Nani kazidiwa?" akauliza akihema.

"Hakuna."

"Moto?"

"Hakuna moto, jirani. Nafanya mazoezi."

Fundi magodoro akaendelea kukimbia pembeni yake hadi kona, kwa sababu aliona aibu kurudi upesi, kisha akasema amekumbuka kitu na kugeuka. Baada ya wiki kadhaa watu walizoea. Wengine walianza kumtumia: akipita, walijua ni wakati wa kuwaamsha watoto.

Baiskeli ilikuwa jambo jingine kabisa. Ilikuwa imening'inizwa ukutani stoo, imefunikwa shuka kuukuu, nyeusi, nzito, yenye keria pana nyuma. Filimbi aliinunua akiwa bado kijana asiye na mke, na katika uchumba wao Makasi alisafiri juu ya keria hiyo, ameketi upande upande, mkono mmoja ukishika shati la Filimbi mgongoni. Hakumshika kiunoni, siku hizo mtu aliona haya. Barabara ya kutoka mjini ilikuwa na mteremko mrefu, na kwenye mteremko huo Filimbi aliachia pedali, mnyororo ukaimba, shati likajaa upepo mkononi mwake. Hawakuwa wanazungumza. Baadaye, akiwa na mimba ya binti yao, alimwambia Filimbi kwamba aliamua kumkubali pale mteremkoni, kabla hajaulizwa. Filimbi alisema alijua, kwa sababu alihisi shati limekazwa.

Fundi baiskeli aliitazama, akaizunguka mara mbili, kama daktari wa ng'ombe.

"Tairi mpya, mnyororo mpya, breki mpya," alisema. "Na hii keria tuing'oe. Itakupunguzia uzito."

"Keria iache."

"Mama, ni mashindano. Huko watu wanakuja na baiskeli unainua kwa kidole."

"Fundi, nimekwambia iache."

Fundi akaiacha, ila alipaka mafuta kila nati ya baiskeli, na alipomrudishia baiskeli ilikuwa inakimbia kimya. Makasi aliianza siku ya mapumziko, kwa kuyumba, huku amekaza meno. Alipofika mwanzo wa ule mteremko aliachia breki kidogo kidogo, halafu akaziachia zote. Alikuwa hajawahi kuuona kwa mbele. Kwa miaka yote aliujua kwa pembeni tu: miti, uzio, mgongo wa mtu.

Basi mambo yakaenda, mpaka ilipofika asubuhi ya kujipima. Kocha alimtaka aogelee umbali wote wa mashindano kwa mara moja. Makasi alifika nusu. Maji yakampitia puani, akakohoa, akajaribu kusimama mahali ambapo miguu haifiki, akameza mengine, na Kocha akalazimika kuruka na kumvuta ukingoni. Haikuwa ajali kubwa. Lakini Makasi hakurudi majini asubuhi hiyo, na kazini alikata mikono miwili ya shati, yote ya kushoto, bila wa kulia, jambo ambalo hakuna aliyekumbuka kuliona kwake.

Jioni alikuwa ameketi sebuleni, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, mlango ulipobishwa. Wifi aliingia bila kusubiri. Alitazama beseni, akatazama vazi la damu ya mzee lililoanikwa juu ya kiti.

"Nasikia ulitaka kuzama."

"Nilikunywa kidogo."

"Umeacha?"

"Nadhani nimeacha, wifi. Umeshinda."

Wifi hakukaa. Alizunguka chumba kile kidogo, akagusa hiki na kile, mwisho akasimama mbele ya picha ya kaka yake ukutani, akaongea nayo badala ya kuongea na mwenye nyumba.

"Huyu alijifunza kuogelea kwenye shimo la machimbo ya mawe, nyuma ya nyumba yetu. Wavulana wote walikwenda. Mimi nilikwenda naye kwa sababu mama alinituma nimwangalie. Nilikuwa mkubwa kwake, nilikuwa na nguvu kumshinda. Lakini msichana haogelei mbele ya watu. Basi nilikaa juu ya jiwe nikalinda nguo zake. Kila siku ya likizo. Shati, kaptura, mkanda. Nikalinda nguo mpaka nikawa mtu mzima, nikaenda posta nikalinda barua za watu." Akageuka. "Sikununa kwa ajili ya kaburi. Nilinuna kwa sababu ulithubutu. Sasa ukiacha, mimi nitakuwa nimenuna bure."

Makasi alisogeza miguu yake upande mmoja wa beseni. Alisema tu, "Kaa basi, wifi. Maji haya yanatutosha wawili." Na wifi, baada ya kufikiri, alivua soksi.

Kesho yake asubuhi, Makasi alipofika bwawani, alimkuta wifi kwenye benchi, koti limefungwa hadi shingoni, taulo limekunjwa mapajani.

"Umekuja kufanya nini?"

"Kulinda nguo. Ndiyo kazi ninayoijua." Akaonyesha maji kwa kidevu. "Nenda."

Tangu hapo hakukosa hata asubuhi moja. Alikuwa na maoni juu ya kila kitu: mkono huu unachelewa, mguu ule unapiga kelele bila faida. Kocha alipomwomba achukue nafasi ya mgeni wa heshima na kuipuliza filimbi ya kaka yake, alisema atafikiri, na kabla Kocha hajafika getini alikuwa ameshaanza kuuliza turubai litawekwa upande gani. Naye Makasi alijifunza jambo ambalo Kocha alilirudia mpaka likamkaa: ukishindwa, geuka chali. Maji yatakubeba ukiyaacha.

Mvua zikaisha, siku ikafika. Mji mdogo ukiamua kuona kitu, unakuja wote. Watu walijaa kuzunguka bwawa na kando ya barabara. Washindani walikuwa vijana wengi, walimu, mapolisi, wauguzi, mwokaji mikate mmoja mnene aliyesema amekuja kwa amri ya daktari, na Makasi. Wifi, chini ya turubai, alitaka kujaribu filimbi kidogo aone kama bado inalia. Ililia. Vijana sita wakajitupa majini, ikabidi waitwe na kupangwa upya, na wifi akakaa wima kama mtu aliyesikia habari hizo kwa wengine.

Ilipolia mara ya pili, Makasi alishuka kwa ngazi, akawaacha wenye haraka watangulie, na kuanza. Alipuliza chai. Mkono, mkono, pumzi. Nusu ya kwanza ilikwenda. Halafu mguu wa mtu ukampiga miwani, maji yakaingia, na kile kitu cha asubuhi ile mbaya kikamrukia tena kifuani. Aliiona kamba ya kugawia njia, mkono wake ukaenda kuishika. Kabla haujafika, akageuka chali. Mbingu ilikuwa nyeupe. Alilala pale, akipumua kwa sauti, wengine wakimpita huku na huku. Kocha alikuwa amesimama ukingoni, viatu ameshavua, tayari. Makasi akatikisa kichwa kidogo: hapana. Akapiga miguu, akaenda hivyo hivyo chali umbali mzuri, na alipojisikia amerudi ndani ya mwili wake, akajigeuza na kumaliza kifudifudi, wa mwisho kutoka majini. Watu wote walisimama kumshangilia, lakini maji yalikuwa yamemziba masikio na hakusikia.

Kwenye baiskeli alilipiza. Wenye baiskeli za kuinua kwa kidole walimwona bibi mwenye keria akiwapita mteremkoni, ameinama, ameachia breki zote, uso wake ukiwa na furaha isiyowahusu. Kupanda walimkamata tena wachache. Wengine hawakumkamata kabisa.

Kukimbia hakukuwa kukimbia, kulikuwa kujikokota. Miguu ilikuwa magunia mawili ya mchanga. Karibu na mwisho alimkuta mwokaji mikate, ameshika kiuno, akitembea.

"Mama," mwokaji akasema, wakiwa bega kwa bega, "naomba niingie mbele yako. Mke wangu yuko pale mwisho na maneno yake unayajua."

"Mwanangu," Makasi akamjibu, akitafuta pumzi kila baada ya neno, "siku nyingine ningekuachia. Leo sina adabu hiyo."

Akamwacha nyuma kwa hatua tatu, akavuka mstari. Wifi alikuwa ameshatoka kwenye kiti cha heshima, amesukuma watu, na alimpokea kwa kumfunika taulo kichwani hadi mabegani, akamkumbatia ndani ya taulo hilo ili watu wasione nani kati yao analia.

Alasiri watu wakapungua. Turubai likashushwa, viti vikabebwa. Makasi alikuwa ameshakula, ameshapokea simu ya binti yake na kumsimulia yote mara mbili. Kisha akamwendea Kocha aliyekuwa akikunja kamba.

"Niruhusu niingie tena kidogo."

"Hujachoka, mama?"

"Nimechoka. Ndiyo maana."

Bwawa lilikuwa tupu na limetulia. Aliingia, akalala chali katikati, akayaacha masikio yazame. Sauti zote zikakatika mara moja. Ilibaki pumzi yake, na mngurumo mdogo wa pampu kutoka mbali, kama mtu anayeongea chumba cha tatu.

Akakumbuka jinsi Filimbi alivyokuwa jioni akirudi kazini. Alikuwa anakaa kwenye kiti chake, Makasi akimsemesha kutoka jikoni, na Filimbi hajibu. Anarudia, hajibu. Mara ya tatu ndipo anapogeuza uso, kama mtu aliyeitwa kutoka ng'ambo. Waligombana kwa hilo si mara moja. "Watoto wa watu unawasikia kutwa," alimwambia, "mimi hunisikii." Naye alitabasamu na kusema, "Nipe muda kidogo, sijafika bado." Makasi siku zote alidhani ni mzaha, tena mzaha wa kukwepa.

Kumbe alikuwa akija na utulivu huu nyumbani, kila siku, na alihitaji muda wa kuutua.

Ukingoni wifi alikuwa anasema jambo. Mdomo ulifunguka na kufungika, mkono ukaonyesha geti, ambako mlinzi alisimama akichezesha funguo. Makasi alimwona vizuri, na hakusikia hata neno. Akatoa mkono majini, akamwinulia kidole kimoja, asubiri.